Kodi itahama, mazungumzo je? Ulinganisho kwa mnaoanza mradi wa programu huria

Faili la maneno la Hunspell, kile kikagua tahajia kilichomo ndani ya LibreOffice na Firefox, huanza na namba. Mstari wa kwanza hutaja idadi ya maneno, kisha maneno yenyewe hufuata, kila moja na mstari wake. Sisi tulikuwa watano tuliotaka kutengeneza kikagua tahajia cha Kiswahili: wawili Dar es Salaam, mmoja Mombasa, mmoja Bukavu, mmoja Maskati. Tulianza na maneno 1000. Siku ya kwanza mimi niliongeza matatu, wa Mombasa akaongeza mawili, "kaimati" likiwemo. Mimi nikaandika 1003, yeye akaandika 1002. Tulipokutanisha kazi ukazuka mgongano: Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya mafaili na kuunganisha kazi za watu, haikujua namba ya nani ni sahihi, na ukweli ni kwamba hakuna iliyokuwa sahihi, jumla ilikuwa 1005. Wiki hiyohiyo wengine wawili waliongeza neno mojamoja, namba zao zikafanana, Git ikaziunganisha kimya kimya na hesabu ikawa ya uongo bila mtu kujua.

Kichekesho ni kwamba Hunspell huichukulia namba hiyo kama makadirio tu. Tulipoteza jioni mbili tukisuluhisha ugomvi juu ya kitu ambacho programu yenyewe haikijali.

Dawa ilikuwa rahisi. Maneno tuliyagawa katika mafaili madogo kwa herufi ya kwanza, tukayapanga kwa alfabeti, na faili kubwa lenye namba likawa halihaririwi na mtu. Linazalishwa na hati fupi ya programu siku ya kutoa toleo. Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kila ulinganisho niliousoma kabla ya kuanza ulinishughulisha na swali la Git au kingine, GitHub (tovuti ya kuweka miradi ya Git) au kwingine, na hakuna ulioniambia kuwa mpangilio wa mafaili unaamua ugomvi mwingi kuliko chombo chenyewe. Mkiwa na faili moja ambalo kila mtu lazima aliguse, hakuna chombo kitakachowaokoa.

Baada ya hapo tukarudi kwenye uchaguzi wenyewe, na kila tulichokilinganisha tulikipima kwa swali moja: siku tukitaka kuhama, tutaacha nini nyuma?

Chombo: Git, Mercurial, Subversion, Fossil

Git na Mercurial ni kama pacha. Vyote vilianza Aprili 2005, pale kampuni iliyomiliki BitKeeper, chombo kingine cha aina hiyo, ilipoondoa ruhusa ya matumizi ya bure kwa waliokuwa wakiitumia kutunza kiini cha Linux. Linus Torvalds akaandika Git, na mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu hapo. Ukimfundisha mtu asiyewahi kugusa vitu hivi, Mercurial inaeleweka upesi zaidi. Amri zake ni chache na hazina mitego. Git ina amri moja inayofanya mambo matano yasiyohusiana, na ujumbe wake wa makosa unasomeka kama barua ya mwanasheria.

Lakini ubora wa chombo si jambo pekee. Bitbucket, nyumba (yaani tovuti ya kuhifadhia miradi) iliyojengwa juu ya Mercurial tangu mwanzo, iliacha kuihudumia mwaka 2020. Mozilla waliokaa nayo miaka mingi walitangaza mwishoni mwa 2023 kuwa Firefox itahamia Git, na 2025 wakahamia. Ukichagua Mercurial leo unachagua kitu kizuri ambacho utakifundisha upya kwa kila mgeni, na hutapata nyumba nyingi za kukiweka.

Subversion, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2004, ni ya mtindo wa zamani: historia yote inakaa kwenye seva moja, na wewe unachukua kipande unachokihitaji. Watu huidharau kuliko inavyostahili. Namba zake za matoleo zinapanda moja baada ya nyingine, kwa hiyo mtu anaweza kukuambia kwa simu "hitilafu ilianza kwenye 214", badala ya kukusomea mchanganyiko wa herufi na tarakimu 40. Unaweza kufunga faili ili mwingine asiliguse wakati unalifanyia kazi, jambo muhimu kwa picha na sauti ambazo haziwezi kuunganishwa mstari kwa mstari. Na unaweza kuchukua folda moja tu bila kubeba mradi mzima, ambalo kwa mwenye bando dogo si jambo la kupuuza.

Kilichotutoa huko ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikabaki na intaneti ya kuhemea. Ukiwa na Subversion huwezi kuweka kumbukumbu ya kazi bila kufika kwenye seva. Ukiwa na Git historia nzima iko kwenye kompyuta yako. Unakomiti, yaani unaweka kumbukumbu hiyo, ukiwa kwenye basi la Tanga, unakomiti umeme ukiwa umekatika na betri imebaki asilimia 9, na siku mtandao ukirudi unasukuma yote kwa pamoja. Kuna amri ambayo wengi hawaijui, `git bundle`: inafunga historia, yote au sehemu yake, ndani ya faili moja. Faili hilo unaweza kulitia kwenye flashi ukampa mtu, au ukalituma WhatsApp kama waraka, na mwenzako akavuta kutoka humo kana kwamba anavuta kutoka kwenye seva. Mwenzetu wa Bukavu tulimpelekea hivyo mara ya kwanza.

Kwa anayeanza na bando dogo na mradi ulishakuwa mkubwa, `git clone --depth 1` humletea hali ya leo bila historia ya miaka. Itamtosha kwa kuongeza maneno.

Fossil ndiyo iliyonipa taabu kuiacha. Aliiandika D. Richard Hipp, yuleyule wa hifadhidata ya SQLite, na SQLite imekaa humo tangu 2009. Ni programu ya faili moja tu, na ndani yake, pamoja na kodi (ninasema ya kompyuta, si ya TRA), zimo tiketi (hitilafu na maombi yaliyoandikwa ili yafanyiwe kazi), wiki na uwanja wa majadiliano. Ukiinakili hazina, yaani mradi wote na historia yake, unanakili na mazungumzo yote. Kwa lile swali letu la kuhama, Fossil ndiyo jibu kamili: hakuna kinachobaki nyuma.

Tatizo ni kuangalia imefanikiwa kwa nani. SQLite ni kikosi kidogo sana kinachofahamiana, na kwa kawaida hakipokei kodi ya watu wa nje; kodi yake iko wazi kwa kila mtu lakini mlango wa kuchangia umefungwa. Kwa kikosi cha namna hiyo Fossil ni johari. Sisi tulitaka mwalimu wa Kiswahili wa Lindi ambaye hatumjui aingie usiku mmoja, aongeze maneno kumi ya uvuvi, atoke. Huyo akikuta chombo ambacho hakuna jirani yake anayekijua, atafunga kompyuta akalale.

Kwa hiyo Git. Uamuzi huo ulichukua dakika chache kuliko aya hizi.

Nyumba: GitHub, GitLab, Codeberg, au seva yenu

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli, na ndipo watu wanapoupitia haraka. Git imetawanywa, nyumba haijatawanywa. Kila mmoja wenu ana nakala kamili ya kodi, lakini tiketi, maoni, mabishano ya kwa nini neno hili lilikataliwa, vyote vinakaa kwenye hifadhidata ya mwenye nyumba.

Nyumba hufungwa. Gitorious, iliyokuwa kubwa kabla ya wengi wetu kujua Git, ilifungwa katikati ya 2015. Google Code ilitangaza mwaka huohuo kuwa inafunga, na Januari 2016 ikafunga. Kodi ilihamishika kwa amri moja. Tiketi zilihitaji zana ya kuhamishia na mtu wa kuiendesha, na mradi uliokosa mtu huyo uligeuka makumbusho: unaweza kutazama, huwezi kugusa.

| | GitHub | GitLab.com | Codeberg | Seva yenu |
|---|---|---|---|---|
| Mwenye nyumba | Microsoft | kampuni ya GitLab | chama cha wanachama, Berlin | ninyi |
| Programu yake ni huria? | hapana | toleo la jamii, ndiyo | ndiyo, Forgejo | ndiyo, mkiweka Forgejo |
| Majaribio ya kujiendesha | bure kwa hazina za wazi | dakika 400 kwa mwezi | kwa kuomba | mnachomudu |
| Mgeni ana akaunti tayari? | mara nyingi | pengine | mara chache | hana |

Jedwali linadanganya kidogo kwa kuwa linafanya kila mstari uonekane na uzito sawa. Kwetu mstari wa mwisho ulizidi mingine yote mitatu.

GitHub ilifunguliwa 2008, na 2018 Microsoft ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 7.5. Ndiko waliko watu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta, Nairobi au Dodoma, kuna uwezekano mkubwa ana akaunti huko kabla hajawahi kulisikia jina la mradi wenu. Mwalimu wetu wa Lindi anaweza kubonyeza kalamu juu ya faili kwenye kivinjari, akaandika neno, akahifadhi. GitHub inamtengenezea nakala yake na ombi la kuunganisha bila yeye kujua Git ni kitu gani. Kikwazo alichokutana nacho mtu wetu wa kwanza kilikuwa uthibitisho wa hatua mbili, ambao kuanzia 2023 GitHub imeulazimisha kwa wanaochangia kodi. Alibadilisha simu, programu ya tarakimu ikapotea na simu, na zile namba za akiba hakuwa ameziandika popote. Waambieni watu waziandike kwenye daftari, kwa kalamu.

Jambo la pili kuhusu GitHub: ni nyumba ya Marekani na inafuata sheria za Marekani. Mwaka 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walikuta huduma zao zimebanwa kwa sababu ya vikwazo. Iran ilifunguliwa tena Januari 2021 baada ya GitHub kupata kibali. Hilo halijatugusa. Lakini mradi unaotegemea watu wa nchi nyingi unapaswa kulijua kabla, si baada.

GitLab ilianza Ukraine mwaka 2011, na toleo lake la jamii lina leseni ya MIT, kwa hiyo unaweza kuanza kwao kisha ukahamisha kila kitu, tiketi zikiwemo, kwenda kwenye GitLab yako mwenyewe. Ndiyo sababu GNOME na KDE, miradi mikubwa ya mazingira ya kompyuta za Linux, walikwenda huko kwa seva zao. Kwa mradi mdogo ninaiona nzito. Ni kama kukodi ukumbi wa harusi kwa kikao cha watu watano: kila kona kuna kitufe. Isitoshe, mwaka 2021, baada ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali kuzitumia vibaya mashine zake za majaribio, ilianza kuwataka watumiaji wapya wa bure waoneshe kadi ya benki kabla ya kuzitumia. Ninaelewa sababu. Hata hivyo kijana asiye na kadi, ambaye fedha zake zote ziko kwenye simu, anaisoma sharti hilo kama mlango uliofungwa.

Codeberg ndiyo iliyotugawa. Ni chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin, kinaishi kwa ada za wanachama na michango, na kinapokea miradi huria tu. Programu yake, Forgejo, ina ukoo wa kusimulia: Gogs ilimzaa Gitea mwaka 2016, na mwishoni mwa 2022, Gitea ilipowekwa chini ya kampuni, waliohofia wakajitenga na kuanzisha Forgejo. Kurasa zake ni nyepesi, zinafunguka upesi hata kwa mtandao wa kusuasua. Siku nyingine inachechemea, maana haina mashine za Microsoft. Mwenzetu wa Mombasa alishikilia huko kwa nguvu zote: mradi huria ukae kwenye nyumba huria, na programu inayotunza Kiswahili isiwe mpangaji wa kampuni. Hoja yake sikuwahi kuijibu vizuri. Nilimwuliza tu ni walimu wangapi wa Lindi wenye akaunti Codeberg.

Seva yenu wenyewe, kwa upande wa kuhama, ni salama kabisa. Forgejo inaenea kwenye seva ndogo ya kukodi bila shida. Swali ni nani ataisasisha saa nane usiku, nani atalipa mwezi ambao fedha hazijaingia, na nakala za akiba ziko wapi. Siku hizi limeongezeka jingine: roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya akili unde huzipiga seva za kodi mchana na usiku. Mwaka 2025 hata GNOME walilazimika kuweka kizuizi kiitwacho Anubis, kinachoitaka kompyuta ya mgeni itatue hesabu ndogo kabla ya kuingia. Kama GNOME wanahangaika, watano wenye ajira za mchana wafikiri mara mbili.

Kuna na njia ya tano ambayo vijana huicheka: barua pepe. Kiini cha Linux hadi leo kinajengwa kwa viraka (mabadiliko ya kodi yaliyowekwa kama maandishi) vinavyotumwa kwa barua pepe, na SourceHut ni nyumba iliyojengwa kwa mtindo huo. Anayetuma kiraka hahitaji hata akaunti. Barua ni nyepesi, inasubiri mtandao yenyewe, na kila mpokeaji anabaki na nakala ya mazungumzo. Kwa lile swali la kuhama ni mshindi wa pili baada ya Fossil. Ila inataka `git send-email` iliyopangwa vizuri, kwa sababu ukikinakili kiraka na kukibandika kwenye ukurasa wa barua wa kawaida, mistari inakatwa na nafasi zinabadilika hadi kiraka kisifae. Kwa wanaprogramu wazoefu, sawa. Kwa walimu, hapana.

Matawi, kwa ufupi

Tawi ni mstari wa kazi unaokwenda kando mpaka uunganishwe na mstari mkuu. Mtakutana na mchoro maarufu wa matawi uitwao git-flow, alioutoa Vincent Driessen Januari 2010: tawi kuu, tawi la maendeleo, matawi ya matoleo, matawi ya dharura. Unapendeza ukutani. Mwaka 2020 mwenyewe aliongeza dokezo kwamba kikosi kinachotoa programu mfululizo kitumie kitu chepesi zaidi. Kama mna matoleo kadhaa mnayoyahudumia kwa wakati mmoja, git-flow ina sababu zake. Vinginevyo tawi kuu moja na matawi mafupi yanatosha. Tawi likizidi wiki moja bila kuunganishwa, kwetu huwa tayari ni mgongano unaosubiri tarehe.

Kitu kimoja cha kuweka mapema: kila mara mtu anapohifadhi kwa ile kalamu ya kivinjari, inazaliwa komiti mpya. Mwalimu mmoja aliongeza maneno 14 kwa komiti 14, zote zenye ujumbe uleule. Chagueni mpangilio wa kuzifinya ziwe moja wakati wa kuunganisha, historia itasomeka.

Mazungumzo: WhatsApp, tiketi, au ukumbi

Tusidanganyane, mradi wowote wa huku utakuwa na kundi la WhatsApp kabla haujawa na hazina. Lina faida moja ambayo hakuna kingine kinayo: watu tayari wako humo, na mara nyingi kwa bando la bei nafuu. Kosa ni kuamulia mambo humo. Sisi tulijadili kwa siku nne kama "runinga" na "televisheni" yote yaingie, tukakubaliana, tukapeana pongezi. Miezi miwili baadaye aliyejiunga karibuni akaliondoa moja, na hakuna aliyeweza kuupata ule mjadala katikati ya salamu za Idi na video za mpira.

Kwa kulinganisha, tazama miradi mikubwa inayotumika huku. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, una kodi yake GitHub, lakini kazi zinapangwa kwenye Jira, programu ya kupangia tiketi, na mijadala iko kwenye ukumbi wao wenyewe. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayobeba takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, imefanya karibu vilevile. Na DHIS2 ilishawahi kuhama kweli: ilikuwa Launchpad ikitumia chombo kiitwacho Bazaar, ambacho leo ni wachache wanaokikumbuka, kabla ya kwenda Git. Aliyetenganisha kodi na mazungumzo ana nyumba mbili za kutunza, lakini moja ikiungua nyingine inabaki.

Watano hawahitaji Jira. Sisi tulilinganisha tiketi za GitHub na Zulip, ambayo ni programu huria, hutoa huduma bure kwa miradi huria, na inagawa maongezi kwa mada, kwa hiyo mjadala wa "runinga" unabaki pamoja hata ukichukua wiki. Zulip ni nzuri kuliko tiketi kwa kubishana. Tiketi ni nzuri kuliko Zulip kwa kumaliza. Tulibaki na tiketi kwa sababu ya uvivu tu: programu moja zaidi kwenye simu ya mwalimu ni mwalimu mmoja pungufu. Kanuni tuliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza ni kwamba lililokubaliwa WhatsApp halijakubaliwa mpaka mtu aliandike kwenye tiketi, kwa sentensi mbili, na sababu yake.

Na tiketi ziandikwe kwa lugha gani? Wawili walitaka Kiingereza "ili dunia ituelewe". Kwa programu ya hesabu ningekubali. Kwa kikagua tahajia cha Kiswahili, mtu mwenye la kusema juu ya "hatutakupikia", neno moja lenye vipande saba, hana haja ya kulisema kwa Kiingereza. Hunspell ilibuniwa kwa ajili ya Kihangari, lugha inayorundika viambishi nyuma ya neno. Sisi tunarundika mbele pia, na mjadala wa namna ya kuandika kanuni hizo ndio moyo wa mradi. Tukaamua Kiswahili kila mahali, isipokuwa majina ya amri.

Funguo na leseni

Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kitu kingine kabisa, aliona kuingia kwenye seva kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipochimba akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Aliyeupachika alijiita Jia Tan. Alichangia kwa upole zaidi ya miaka miwili, mtunzaji pekee akiwa amechoka na watu wakimsukuma apate msaidizi, mpaka akakabidhiwa funguo. Kisa hiki kinasomwa mara nyingi kama sababu ya kutomwamini mgeni. Mimi ninakisoma kama sababu ya kutomwacha mtu peke yake. Wamiliki wa akaunti wawe wawili tangu siku ya kwanza, tawi kuu lisipokee kitu kisichosomwa na mtu wa pili, na anayeandika hati ya kutolea toleo asiwe ndiye peke yake anayeitazama.

Leseni iwekwe kabla ya mstari wa kwanza wa kodi. Hazina ya wazi isiyo na leseni, kisheria, hakuna anayeruhusiwa kuitumia. MIT ni fupi na haidai karibu chochote. Apache 2.0 inaongeza ulinzi wa hataza. GPL inamlazimu anayesambaza toleo lake atoe na kodi yake. Hunspell yenyewe huruhusu kuchagua kati ya GPL, LGPL na MPL, kwa hiyo orodha ya maneno chini ya mojawapo haitaleta ugomvi.

Kwetu hatari haikuwa kodi, ilikuwa maneno. Mtu mwenye nia njema anaweza kukaa na kamusi iliyochapishwa, akanakili kurasa nzima, akatuletea. Ndiyo maana kati ya mkataba rasmi wa mchangiaji, unaotaka mtu asaini waraka wa kisheria, na lile tamko la asili ambalo Linux ilianza kulitumia mwaka 2004, tulichagua la pili. Ni mstari mmoja chini ya komiti, `Signed-off-by`, na maana yake ni: hiki nina haki ya kukitoa. GitHub inaweza kulidai hata kwa wanaohariri kwenye kivinjari. Mkataba ungetulinda zaidi, lakini ungemfukuza mwalimu kabla hajaandika neno la kwanza.

Tulimaliza kwa GitHub, kura tatu kwa mbili, na masharti ya walioshindwa: kila msukumo unakwenda na Codeberg pia, kwa kuongeza anwani ya pili kwenye Git, na kila mwisho wa mwezi tiketi zote zinapakuliwa na kuwekwa kama maandishi ndani ya hazina yenyewe, ili mazungumzo yasafiri na kodi. Kazi hizo mbili alipewa wa Mombasa, ambaye hajakosa mwezi hata mmoja.

Tiketi namba 1 ni yake pia. Inauliza kama tahajia ni "kaimati" au "kalimati". Ina maoni 31, yote mawili yameingia kwenye faili la herufi K, na bado haijafungwa.